Ushahidi wa Upande Mmoja

Tuseme kwaya za sharika nne zimekutana kwa tamasha la uimbaji kwenye uwanja wa kanisa, mahali fulani kati ya Kiomboi na Singida mjini. Maiki mbili zimesimamishwa mbele ya waimbaji: ya kushoto imeelekezwa kwa soprano na alto, ya kulia kwa tenor na besi. Fundi mitambo anarekodi njia mbili, kila maiki na njia yake, huku jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta na upepo wa Singida ukipiga turubai. Jioni, kadi inapofunguliwa kwenye kompyuta, mawimbi ya upande wa kulia yanapanda na kushuka inavyotakiwa, na upande wa kushoto umenyooka tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Waya ulikatika ndani, au jeki haikuingia vizuri, haijalishi tena. Waimbaji wamekwisha kupanda magari kurudi Ilongero, Kinampanda na Sepuka, na tamasha halirudiwi. Kwa fundi huo ni mkasa wa kawaida wenye dawa kadhaa zinazojulikana. Kwa anayeamini kwamba maneno ya binadamu yatahesabiwa, mkasa huo umebeba swali zito kuliko ubora wa sauti: anayeujaza upande ulio kimya anasema nini, na nani amempa ruhusa ya kukisema?

Jibu la kwanza ambalo watu wa dini hulikimbilia ni la sadaka. Wimbo wa ibada, wanasema, ni kitu kilichotolewa kwa Mungu, na cha Mungu hakitolewi kikiwa na dosari. Sheria ya Walawi, katika sura ya 22, inakataa mnyama kipofu, aliyevunjika au mwenye kilema asipelekwe madhabahuni. Kwa hoja hiyo, kuiacha rekodi na upande mmoja ni uzembe mbele za Mungu, na anayeikamilisha kwa njia yoyote anafanya kazi njema. Hoja ina uzito, ila inakosea mahali sadaka ilipo. Sadaka ilitolewa pale uwanjani, saa ile, kwa vinywa vyote. Kama Mungu husikia, basi aliwasikia soprano na alto bila kuhitaji maiki, na hakuna programu ya kompyuta itakayoongeza chochote kwenye alichosikia. Kilichobaki kwenye kadi ni habari ya sadaka hiyo, inayopelekwa kwa watu ambao hawakuwepo: jamaa waliohamia Dar es Salaam, wanakwaya wa miaka ijayo, watoto ambao hawajazaliwa. Habari inayotoka kwa waliokuwepo kwenda kwa wasiokuwepo ni ushahidi. Kwa hiyo maadili ya kuirekebisha rekodi yatafutwe kwenye mafundisho ya ushahidi. Ya madhabahu yamekwisha kutimizwa.

Mafundisho hayo ya ushahidi, yakisomwa vizuri, hukataza mambo mawili, ingawa wengi wetu hukumbuka moja. Amri Kumi zinakataza kumshuhudia jirani uongo, yaani kusema ambalo halikuwa. Lakini Walawi 5:1 inamtia hatiani pia aliyeona au kujua jambo akanyamaza alipotakiwa kusema, na Kurani, katika aya ya 283 ya Surat al-Baqara, inakataza kuuficha ushahidi na kumhesabu anayeuficha kuwa mwenye dhambi moyoni. Kuongeza ni kosa, na kupunguza kimyakimya ni kosa vilevile. Hoja yangu inasimama hapo: marekebisho ya rekodi yapimwe kwa makosa hayo mawili kwa pamoja. Yakipimwa hivyo, dawa tunayoiona safi kuliko zote hugeuka kuwa na mashaka, na baadhi ya zile tunazozitilia shaka hugeuka kuwa halali.

Kabla ya kuhukumu, ijulikane kilichopotea ni nini hasa, kwa sababu kimya cha upande mmoja si cha aina moja. Mara nyingine mikisa ilikuwa inapeleka mchanganyiko uleule pande zote mbili. Hapo upande uliokatika ulikuwa nakala ya ule uliobaki, na kuirudisha nakala hiyo ni kurudisha kilekile. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Mara nyingine hali ni ya mfano wetu, maiki mbili zilizosimama mbalimbali. Hapo soprano hawakupotea kabisa. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwimbaji ambaye maiki ya kulia iko mita nne mbali zaidi naye ameingia humo pia, ila amechelewa kwa sehemu kama 12 za elfu za sekunde, amefifia, na amefunikwa na besi waliokuwa karibu. Yupo, lakini kwa mbali. Aina ya tatu ndiyo chungu: kila mtu na njia yake, na njia iliyokufa ni ya mwanzilishi. Nyimbo nyingi za kwaya zetu, na kaswida, na ngoma nyingi za asili, zimejengwa juu ya mtu mmoja anayetoa mstari na kundi linaloitikia. Njia yake ikikatika, rekodi inabaki na majibu bila maswali. Pengine mwangwi wake mwembamba umeingia kwenye maiki ya ngoma, pengine hata huo haupo. Aina hizi tatu zinadai hukumu tatu, na fundi anayezitibu zote kwa dawa moja ameacha kuuliza nani amekosekana.

Dawa yenyewe inayotumika zaidi ni kunakili upande wa kulia na kuubandika kushoto. Inaonekana haina hatia. Hakuna sauti ngeni iliyoingizwa, hakuna aliyesingiziwa. Spika zote mbili zinalia, na aliyevaa hedifoni hasumbuliwi tena na sikio lisilosikia kitu. Lakini sikiliza kinachotoka. Besi wamesogea mbele wakakaa katikati, soprano wamerudi nyuma sana. Asiyejua kilichotokea atahukumu kwamba kwaya ile ilikuwa na wanawake wachache, au kwamba hawakufanya mazoezi ya kutosha, na atakuwa na haki ya kuhukumu hivyo kwa kuwa rekodi imemwambia hivyo. Rekodi yenye kimya kushoto ilikuwa inatangaza kwamba kuna watu hawajasikika. Rekodi iliyonakiliwa imelizima tangazo hilo na kuacha dhana kwamba waliosikika ndio waliokuwepo. Hilo ndilo kosa la kuficha, na limetendeka bila kuongeza hata noti moja. Kimya kile kilikuwa sehemu ya ushahidi.

Wapo wanaokwenda hatua moja zaidi. Wakishanakili, huuchelewesha upande mmoja kidogo, tuseme sehemu 10 za elfu za sekunde, ili masikio yadanganyike na kusikia upana. Kwenye spika mbili ujanja huo hupendeza. Ipeleke rekodi hiyohiyo kwenye redio ndogo ya spika moja, ya aina inayokaa kaunta ya duka au kubebwa shambani, ambayo huzichanganya pande mbili kuwa moja, na sauti inaanza kujipiga yenyewe. Kwenye mtetemo wa 50 kwa sekunde, na 150, na 250, na kuendelea kwa hatua hiyohiyo, wimbi lililochelewa linapanda wakati mwenzake linashuka, na yanafutana. Besi wanatoboka matundu, wimbo unasikika kama unaimbiwa ndani ya bomba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Upana wa kubuni umefichuliwa na chombo cha bei rahisi kuliko vyote kwa sababu haukuwa na shahidi nyuma yake. Ulikuwa upande wa kulia ukijifanya watu wawili.

Ushahidi uliokatika si jambo geni kwa watu wa dini. Wanazuoni wa Hadithi walikutana nalo karne nyingi kabla ya mashine ya kwanza ya kurekodi. Hadithi husimama juu ya isnadi, mlolongo wa wapokezi, na mlolongo huo mara nyingine hukosa kiungo: mtu wa kizazi kilichofuata Masahaba anaripoti neno la Mtume bila kumtaja aliyemfikishia. Habari kama hiyo haikutupwa. Iliitwa mursal, ikahifadhiwa pamoja na pengo lake. Imamu Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki, alikuwa tayari kuikubali kwa masharti, mojawapo likiwa ipatikane habari nyingine iliyopita njia tofauti na kuiunga mkono. Kilichoshutumiwa ni tadlisi, yaani mpokezi kulifunika pengo kwa maneno yenye utata ili msikilizaji adhani alimsikia mtu ambaye hakumsikia. Ibn al-Salah wa Damasko, aliyefariki mwaka 1245, aliyajadili mambo hayo mawili katika milango tofauti ya kitabu chake cha elimu ya Hadithi, na utenganisho huo ndio unaohitajika studio: pengo ni upungufu wa habari, kulifunika ni upungufu wa mtu. Wakristo wana desturi inayokaribiana. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, aya kama Marko 9:44 na 46 zimefungwa ndani ya mabano ya mraba, kwa kuwa hazimo katika baadhi ya nakala za kale. Waliozihariri hawakuzitupa, wala hawakuzichanganya na nyingine kimyakimya. Msomaji wa Kinampanda anayasoma mabano hayo Jumapili na imani yake haitikisiki. Ameaminiwa kuwa mtu mzima anayeweza kuambiwa mahali ambapo mashahidi wanatofautiana.

Sharti la Shafi'i la kutafuta njia nyingine linafaa hata uwanjani, kwa sababu tamasha la leo halikosi simu zilizoinuliwa, na baadhi yake zilikuwa upande wa kushoto. Historia ya muziki ina mfano mashuhuri. Februari 1932, huko New York, bendi ya Duke Ellington ilirekodiwa kwa mashine mbili za kukatia sahani, kila moja ikipokea maiki yake. Inadhaniwa kwamba aliyefanya hivyo hakukusudia kutengeneza sterio. Miaka kama hamsini baadaye wakusanyaji wa sahani waligundua kwamba nakala mbili za muziki uleule hazikufanana. Walipozioanisha, kushoto na kulia vikajitokeza, vya kweli, kutoka chumba kilekile na dakika ileile. Simu inaweza kuwa shahidi wa namna hiyo, ingawa kumwoanisha na mwenzake kuna kazi. Saa za mashine mbili hazitembei sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 tu kwa milioni huzaa mwachano wa sehemu 18 za mia za sekunde kila saa, unaotosha kuifanya kwaya isikike inajirudia, hivyo fundi huivuta faili moja kidogo kidogo mpaka makofi ya pande zote mbili yaangukie mahali pamoja. Tena simu imesikia mambo yake: mtoto aliyekuwa karibu, vigelegele vya aliyeishika, upepo uliovuma kwenye tundu la maiki. Upande wa kushoto utakuwa na rangi nyingine, na uachwe hivyo. Shahidi aliyesimama mahali pengine husema alichosikia kutoka pale alipokuwa, na kumsawazisha mpaka afanane na mwenzake ni kumwondolea sababu ya kuaminiwa.

Programu za akili mnemba nazo zahitaji kutenganishwa, kwa sababu zinafanya kazi mbili ambazo watu huziita kwa jina moja. Ya kwanza ni kuchambua: kuipekua njia iliyobaki na kuutoa mwangwi wa mwanzilishi uliozama chini ya ngoma. Wimbo wa The Beatles uliotolewa Novemba 2023, Now and Then, ulipatikana kwa njia hiyo; sauti ya John Lennon ilichomolewa kwenye kanda ya nyumbani ya miaka ya 1970 ambamo ilikuwa imefungamana na piano. Sauti ile aliiimba mwenyewe, na mashine ilichofanya ni kumsogezea msikilizaji. Kazi ya pili ni kuzalisha: kuifundisha programu sauti ya mwanzilishi kutoka nyimbo zake nyingine, kisha kuiamuru iimbe mistari iliyopotea. Matokeo yanaweza kuwa safi kuliko ya kwanza, na maneno yakawa sahihi, kwani wimbo unajulikana. Hata hivyo huo ni uongo mkubwa kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa umemhesabia mtu tendo ambalo hakuna anayejua kama alilitenda hivyo. Pengine siku ile alisahau ubeti akarudia wa kwanza. Pengine sauti ilimkwama kwa kilio, au aliingiza jina la marehemu. Mashine itaimba kama kawaida yake, na kilichotokea siku hiyo hakikuwa lazima kiwe cha kawaida. Kwa muumini hili lina uzito wa pekee, maana kumkiri Mungu mbele za watu ni tendo la mtu mwenyewe, na halifanywi kwa uwakilishi.

Anayepinga ana hoja tatu nzuri. Ya kwanza: kila rekodi ni pungufu, kwa nini tulie na hii? Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani aliyeandika mwaka 1964 tasnifu kuhusu Kinyaturu, alishughulika sana na tuni za Kiafrika zilizoingia katika kitabu cha nyimbo Tumshangilie Mungu. Nota zilizochapwa humo hazina koo la mwimbaji wala mguu uliopiga ardhi. Kanda nyingi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1960 na 1970 ni za njia moja, bila kushoto wala kulia. Hakuna anayeviita vitu hivyo vya uongo. Ni kweli, na sababu yake ndiyo inayojibu hoja. Nota haijifanyi sauti. Anayekishika kitabu anajua kwamba uimbaji utatoka kwake. Kanda ya njia moja ilimweka kila mwimbaji mbele ya upungufu uleule, na kila msikilizaji anautambua tangu sekunde ya kwanza. Upande uliokatika ni tofauti kwa sababu umewaangukia baadhi ukawaacha wengine, kwa bahati, na marekebisho ya haraka hufuta alama ya kwamba bahati hiyo ilipita. Upungufu unaojitangaza haumdhulumu mtu. Unaojificha humwadhibu alto kwa kosa la waya.

Hoja ya pili: waimbaji wenyewe wakikubali je? Waitwe studio, wauimbe tena upande wao, na shauri liishe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waimbaji kuwa na haki katika onyesho lao, kwa hiyo ridhaa yao si jambo dogo. Pasipo ridhaa hata marekebisho ya kweli yana kasoro. Lakini ridhaa huondoa dhuluma kwa aliyeridhia tu. Albamu ya Thin Lizzy ya mwaka 1978, Live and Dangerous, ilizua ubishi wa miaka mingi baada ya prodyuza wake, Tony Visconti, kusema kwamba sehemu kubwa ilirudiwa studio, na wanabendi wakamkatalia. Wanamuziki walikuwa walewale na muziki ulikuwa wao. Kilichogombewa ni ahadi iliyotolewa kwa mnunuzi kwamba anasikia usiku fulani mbele ya umati. Kwaya inayouimba tena upande wa kushoto inatoa ushahidi mpya, na ushahidi mpya una tarehe yake. Uwekwe na tarehe hiyo, hakuna ubaya. Ukipewa tarehe ya tamasha, wasikilizaji wamekosewa hata kama kila mwimbaji ametia saini. Tena kwaya za vijijini hupoteza watu upesi kwa ndoa, masomo, uhamisho na vifo, na aliyekwisha kufariki hawezi kuulizwa kama mwenzake amwimbie nafasi yake.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi: maelezo hayasomwi. Wimbo utatoka kwenye kadi kwenda kwenye fleshi, kutoka fleshi kwenda WhatsApp, na huko haufuatani na karatasi yoyote. Mabano ya mraba yako ndani ya ukurasa uleule wa Biblia. Mabano ya rekodi yatabaki kwenye kasha. Napokea hoja hii, na nadhani inazaa kanuni badala ya kuivunja. Kwanza, maelezo yawekwe ndani ya sauti yenyewe: mtangazaji aseme mwanzoni, kwa sentensi mbili, tamasha lilikuwa wapi, lini, upande upi haukurekodiwa na umejazwa na nini. Pili, faili ya asili yenye kimya chake ihifadhiwe na usharika, isifutwe kwa sababu kuna iliyo nzuri zaidi, ili atakayekuwa na chombo bora kesho aanzie kwenye ushahidi na si kwenye tafsiri yetu. Tatu, kwa kuwa tunajua utangulizi huo unaweza kukatwa, fundi afanye marekebisho ambayo hayatamsingizia mtu hata yakisafiri uchi. Sauti ya simu iliyokuwepo itasikika kuwa ya simu. Mwangwi uliochambuliwa utasikika kuwa hafifu. Lakini mwanzilishi wa kuzalishwa atasikika mzima na mkamilifu, na akishaachana na maelezo yake hakuna kitakachomfichua. Urahisi wa kupotea kwa maelezo, ambao hutajwa ili kutetea uhuru wa fundi, kwa kweli unaupunguza.

Yapo maamuzi ambayo fundi hapaswi kuachiwa peke yake, si kwa kuwa hana uadilifu, bali kwa kuwa jambo linalopimwa si la ufundi. Kuchagua kati ya kimya, simu na kuimba upya ni kuamua nani atahesabiwa kuwa alikuwepo, na wa kuulizwa hilo ni wanakwaya, hasa wa upande uliokatika. Kama watachagua rekodi itolewe na besi na tenor tu, ikitajwa hivyo, hawatakuwa wamemwibia Mungu kitu. Sifa zao zilikwisha fika. Nao wasikilizaji hawatakuwa wamedanganywa. Anayeitwa kushuhudia hadaiwi kuwa aliona kila kitu. Anadaiwa aseme alichokiona, asiongeze asichokiona, na akiulizwa kuhusu sehemu ambayo hakuifikia, akiri kwamba kulikuwa na watu pale.